Nakala rudufu zikae muda gani? Niliyojifunza katika chama cha akiba na mikopo

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kutunza kompyuta na kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu zote za wanachama na hesabu) ya chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ambacho wanachama wake wengi ni walimu na watumishi wengine wa halmashauri katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini. Viongozi wa chama, wakaguzi na hata wanachama huuliza mara kwa mara kama nakala rudufu, yaani nakala za ziada za data yetu, zipo, nami hujibu kwamba zipo, kwa kuwa kila usiku seva huchukua nakala yenyewe bila kuguswa na mtu. Lakini lipo swali jingine ambalo sijawahi kuulizwa na yeyote, na ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko hilo la kwanza: nakala iliyochukuliwa usiku wa leo itafutwa lini, na nani aliamua kwamba siku hiyo ndiyo ya kuifuta?

Nilipopokea kazi hii, jibu lilikuwa siku 7. Fundi aliyetufungia mfumo ndiye aliyeweka kanuni hiyo, na hakuna aliyekumbuka kuelezwa sababu yake. Simlaumu, kwa kuwa namba hiyo imejaa katika mifano ya maelekezo ya programu nyingi, na diski iliyokuwapo wakati ule ilikuwa ndogo. Ninachosema ni kwamba kanuni hiyo ilitokana na ukubwa wa diski na mazoea ya fundi, wala haikutokana na namna chama kinavyofanya kazi. Tofauti hiyo ilidhihirika muda mfupi kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, wakati taarifa za akiba zilipogawiwa kwa wanachama.

Mwalimu mmoja mstaafu alifika ofisini akiwa na bahasha ya stakabadhi zake zote. Baada ya kumwamkia na kumkaribisha kiti, aliniwekea karatasi mezani moja baada ya nyingine kwa utaratibu wa mtu aliyefundisha hesabu maisha yake yote.

“Mwanangu,” alisema, “sisemi kwamba kuna mtu ameniibia. Nasema kwamba hesabu hii na hesabu hii haziwezi kuwa sahihi zote mbili.”

Alikuwa na haki. Mhasibu na mimi tulifuatilia hadi tukakuta kwamba miezi mingi nyuma, makato ya mishahara yalipoingizwa kutoka kwenye jedwali lililoletwa na mwajiri, safu moja ya jedwali ilikuwa imesogea, na mfumo ukaandika makato ya mwezi juu ya salio la kuanzia la baadhi ya wanachama. Hakuna kengele iliyolia. Mfumo uliendelea kujumlisha vizuri kabisa kutoka kwenye salio lisilo sahihi, na nakala rudufu ziliendelea kuchukuliwa kila usiku bila hitilafu hata moja. Tulipozifungua zote saba, kila moja ilikuwa na kosa lile lile, kwa kuwa nakala ya mwisho iliyokuwa safi ilikwisha kufutwa zamani kwa mujibu wa kanuni. Kilichotuokoa ni karatasi: stakabadhi za wanachama, hati za mishahara, na daftari ambalo mhasibu wetu alikuwa ameendelea kulijaza kwa mkono ingawa aliambiwa halihitajiki tena. Tulirejesha salio la kila aliyeathirika, ila kazi hiyo ilikula muda mrefu na usingizi mwingi wa mhasibu, ilhali nakala moja tu ya mwezi uliotangulia kosa ingeimaliza kwa asubuhi moja.

Tangu hapo nimekuwa nikitenganisha aina mbili za hasara ambazo watu huzichanganya. Diski ikifa, kompyuta ikiibwa au radi ikipiga, hasara hujitangaza yenyewe siku hiyo hiyo, na nakala ya jana inatosha kabisa. Data ikiharibika ndani kwa ndani, kwa safu iliyosogea, kwa karani aliyefuta rekodi akidhani ni ya majaribio, au kwa mtu aliyebadilisha namba makusudi, hasara hukaa kimya hadi pale mtu mwenye sababu ya kuitazama rekodi ile ile atakapoitazama. Kanuni ya siku 7 hukulinda dhidi ya aina ya kwanza peke yake. Kwa aina ya pili, kinachohesabika ni muda unaopita kati ya kuharibika na kugunduliwa, na muda huo hauandikwi mahali popote katika programu ya nakala rudufu. Wanaoujua ni watu walio kwenye madawati.

Kwa hiyo nilianza kupita ofisi kwa ofisi na kuuliza swali moja: “Ukikosea leo, utagundua lini?” Majibu yalinifundisha kuliko maelekezo yoyote niliyowahi kusoma. Mhasibu alisema makosa mengi huonekana anapolinganisha vitabu na taarifa ya benki, yaani mwisho wa kila mwezi, na yakimponyoka hapo huonekana mwisho wa robo mwaka. Ofisa mikopo alisema mkopo ulioandikwa vibaya hujulikana unapoanza kuonekana umechelewa kulipwa, nalo huchukua miezi miwili au mitatu. Karani wa wanachama alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba mwanachama ambaye hakopi na hatoi akiba yake huiona hesabu yake mara moja tu kwa mwaka, inapogawiwa taarifa ya mkutano mkuu.

Jibu la karani ndilo lililopanga kila kitu. Mwaka wetu wa hesabu huisha tarehe 31 Desemba, wakaguzi huja baadaye, na mkutano mkuu hufanyika hesabu zikishakaguliwa, mara nyingi kuelekea Aprili. Kosa lililofanyika Januari linaweza basi kugunduliwa Aprili ya mwaka unaofuata, yaani baada ya miezi 15. Nakala 12 za miezi, ambazo ndizo watu wengi huziweka kwa kuwa mwaka una miezi 12, zisingetosha. Tulipitisha nakala za kila siku kwa siku 14, za kila wiki kwa wiki 9 ili zivuke miezi miwili, za kila mwezi kwa miezi 18, na za kila mwaka kwa miaka 7, kwa kuwa mkopo mrefu kuliko yote tunaotoa hulipwa kwa miaka 6. Sizitaji namba hizi ili mtu azinakili. Duka la dawa, shule na mwanasheria wana mizunguko yao, na kila mmoja atapata namba zake akiuliza swali lile lile kwa watu wake.

Hofu ya kwanza ya kamati ilikuwa nafasi. Mwenyekiti aliuliza, kwa haki kabisa, kama kuweka nakala zaidi ya 40 hakutatulazimu kununua diski mara 40. Programu za kisasa kama restic na Borg hukata data katika vipande na kuhifadhi kila kipande mara moja tu, hata kikiwamo katika nakala zote, hivyo nakala ya pili huongeza kile tu kilichobadilika. Lakini hili lina sharti ambalo sikuliona likisisitizwa mahali ninapolitarajia. Mfumo wetu ulikuwa ukitoa kanzidata kama faili moja na kuibana kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili, kabla ya kuihifadhi, na faili iliyobanwa namna hiyo hubadilika karibu yote kuanzia pale penye badiliko dogo la kwanza, kiasi kwamba programu haioni kipande inachokijua. Tulipoacha kuibana na kuiachia programu ya nakala rudufu ifanye kazi hiyo yenyewe, ongezeko la kila usiku lilishuka sana, na nakala za miezi 18 zikaenea katika diski ile ile iliyodaiwa kuwa haitoshi hata mwezi. Anayebanwa na nafasi aanze kukagua hapo kabla ya kupunguza siku.

Baada ya namba kupitishwa, nilidhani sehemu ngumu imekwisha. Ilibaki sehemu ambayo sasa naiona kuwa ndiyo moyo wa jambo lenyewe, nayo ni namna programu inavyohesabu. Ukiiambia restic ibakize nakala za siku 14, haihesabu siku 14 za kalenda kurudi nyuma kutoka leo. Huhesabu siku 14 ambazo kweli zina nakala, na katika kila siku huibakiza ile ya mwisho. Ofisi ikifungwa kwa likizo na seva ikazimwa wiki tatu, hakuna kinachopotea, kwa sababu siku tupu hazihesabiwi. Skripti nyingi za kujitengenezea, yaani orodha fupi za amri ambazo kompyuta huzitekeleza, hufanya kinyume chake: hutafuta kila faili iliyozidi umri fulani na kuifuta. Skripti ya namna hiyo ni salama kwa sharti kwamba nakala mpya zinaendelea kuingia. Kazi ya kuchukua nakala ikikwama kimya kimya, kwa sababu nywila ya kanzidata imebadilishwa au diski imejaa, mkono wa kufuta huendelea na kazi yake kila usiku kwa uaminifu, hadi faili ya mwisho iliyo nzima inapotimiza umri na kuondolewa.

Hatari hiyo ina ndugu yake, nayo ni nakala tupu. Kwa GitLab, kampuni yenye huduma ya mtandaoni ya kuhifadhi misimbo ya programu, tarehe 31 Januari 2017, mhandisi aliyekuwa akishughulikia tatizo la usiku alifuta data ya seva kuu ya kanzidata, na walipogeukia nakala za kawaida za kila siku waligundua kwamba hazikuwapo: chombo cha kutoa nakala kilikuwa cha toleo lisilolingana na kanzidata yenyewe, kikawa kinashindwa, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zikikataliwa njiani. Waliponea kwenye nakala ambayo mmoja wao alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla. Walilieleza tukio hilo hadharani kwa undani, jambo ambalo nawashukuru kwalo. Mimi nilichukua kwao kanuni moja: kufuta kusitangulie uhakiki. Kwetu, seva huchukua nakala, kisha hupima kama faili ya kanzidata si ndogo kuliko ya jana kwa kiasi cha kutia shaka na kama ina mstari wa mwisho unaoonyesha kwamba ilikamilika. Uhakiki huo ukishindwa, hakuna kinachofutwa usiku huo, na ujumbe mfupi huja kwenye simu yangu na ya mhasibu.

Mfano mwingine unaonitia hofu zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Desemba 2021. Huko, katika kompyuta kubwa ya utafiti, skripti iliyohusika na nakala rudufu ilikuwa na sehemu ya kufuta faili za kumbukumbu za utendaji zilizozidi siku 10. Skripti hiyo ilirekebishwa ikiwa bado inaendeshwa, jina la folda ya kufutwa likawa tupu, na badala ya kumbukumbu za utendaji zikafutwa faili za watafiti, takriban terabaiti 77 na faili milioni 34. Vikundi 14 vya watafiti viliathirika, na vinne kati yake havikuweza kurejeshewa data yao kutoka kwenye nakala. Kanuni ya muda wa kutunza, hata ikiwa ndogo namna hiyo, ni amri ya kufuta. Kwa hiyo sibadilishi kanuni yoyote bila kwanza kuiendesha kwa hali ya majaribio, ambamo programu huorodhesha itakachobakiza na itakachoondoa pamoja na sababu, bila kugusa chochote. Nasoma orodha hiyo mstari kwa mstari, tena nikiwa na mtu wa pili kando yangu.

Katika kuisoma orodha hiyo ndipo nilipokutana na mambo ambayo nisingeyajua kwa njia nyingine. Restic hugawa nakala kwa makundi kufuatana na jina la kompyuta na folda zilizonakiliwa, na kanuni hutumika ndani ya kila kundi peke yake. Tulipobadilisha seva na kuipa jina jipya, nakala za seva ya zamani zikawa kundi lisilopokea kitu kipya, kwa hiyo zilibaki kama zilivyo mwezi baada ya mwezi, zikila nafasi na kuonekana kama zimesahauliwa. Borg nayo ina hesabu tofauti: nakala iliyobakizwa kwa kanuni ya siku haihesabiwi tena katika kanuni ya wiki, ilhali katika restic nakala moja inaweza kutimiza kanuni ya siku, ya wiki na ya mwezi kwa pamoja. Namba zile zile, zikiandikwa katika programu hizi mbili, hazifiki nyuma kwa umbali ule ule. Tena katika restic, amri ya forget huondoa nakala kwenye orodha tu, na nafasi hairudi hadi amri ya prune ifanye kazi yake. Niliwahi kuulizwa na mwenzangu wa chama cha jirani kwa nini diski yake inajaa ingawa anafuta kila wiki, na jibu lilikuwa hilo.

Kisha lipo suala la mwisho wa mwezi. Programu huichukua nakala ya mwisho ya kila mwezi kuwa nakala ya mwezi huo, na kwa kalenda ni sawa. Lakini mhasibu hafungi mwezi usiku wa tarehe ya mwisho. Huingiza makato yaliyochelewa, hulinganisha na benki, na hufunga vitabu siku tatu au nne ndani ya mwezi unaofuata. Nakala ya tarehe 31 kwa hiyo ina mwezi ambao haujakamilika, na nakala yenye mwezi uliofungwa vizuri hubaki kama nakala ya kawaida ya siku, nayo baada ya wiki chache huondoka. Mhasibu ndiye aliyeligundua hili, aliponiomba nimfungulie Machi kama alivyoifunga yeye. Sasa akimaliza kufunga mwezi hubonyeza kitufe kimoja, seva huchukua nakala nyingine yenye alama ya kufunga mwezi, na kanuni imeelekezwa kwamba nakala yenye alama hiyo isiguswe kamwe na hesabu za kawaida. Hizo huondolewa kwa uamuzi wa watu, mara moja kwa mwaka, baada ya hesabu kukaguliwa na kupitishwa.

Kuhusu mahali pa kuweka nakala sina mengi ya kuongeza juu ya kanuni inayojulikana ya nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Nitasema tu kwamba muda wa kutunza hauna maana ikiwa kila mwenye kuingia kwenye seva anaweza kufuta. Mvamizi anayefunga data ili alipwe huweza kukaa ndani ya mtandao wiki nyingi akizitafuta nakala kwanza. Seva yetu ina ruhusa ya kuongeza nakala kwenye hifadhi ya nje lakini haina ruhusa ya kuondoa, na amri ya kufuta huendeshwa kutoka kompyuta nyingine ambayo haitumiki kwa kazi nyingine yoyote.

Nakala ya miaka 7 pia inahitaji nywila ya miaka 7. Restic husimba kila kitu, yaani hukigeuza kisisomeke bila nywila, na nywila ikipotea hakuna fundi atakayekusaidia. Nywila zetu zimeandikwa kwenye karatasi, zimefungwa katika bahasha iliyotiwa saini na kuwekwa ndani ya sefu ya chama, na kila robo mwaka tunaifungua nakala ya zamani kuliko zote, wala si ya jana, na kuirejesha kwenye kompyuta ya pembeni. Nakala ya jana karibu kila mara hufunguka. Ya zamani ndiyo hudai toleo la kanzidata ambalo halijafungwa tena mahali popote, na ni afadhali kuligundua hilo siku ya utulivu.

Hadi hapa nimezungumzia kutunza kwa muda wa kutosha, na kwa miaka ya mwanzo nilifikiri kwamba hilo ndilo tatizo pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2023, ilinifanya nitazame na upande wa pili, kama ile ya mwaka 2019 ilivyowafanya wenzetu wa Kenya. Taarifa za mtu hazipaswi kutunzwa kupita muda unaohitajika kwa lengo zilizokusanyiwa, na nakala rudufu ni mahali zinapotunzwa kama mahali pengine. Katika kanzidata yetu yamo majina ya wategemezi, namba za simu, viwango vya mishahara, na katika maombi ya mikopo ya dharura wamo wagonjwa na magonjwa yao. Mwanachama akijitoa, akalipwa haki zake na akaomba taarifa zake ziondolewe, tunaziondoa kwenye mfumo zile ambazo sheria za hesabu na kodi hazitudai tuzibakize, lakini zitaendelea kuwamo katika nakala za nyuma.

Kuifungua kila nakala na kuchomoa rekodi za mtu mmoja hakuwezekani, na pia kungeharibu kile kinachofanya nakala iaminike. Njia tuliyokubaliana ni kutunza orodha ya rekodi zilizoombwa kuondolewa, yenye namba za uanachama pasipo majina, na nakala yoyote ya zamani ikirejeshwa, orodha hiyo hupitishwa juu yake kabla ya mtumishi yeyote kuruhusiwa kuingia. Picha za maombi ya dharura tumezitoa katika nakala za kila mwaka kabisa. Hizo zina kanuni yake, miezi 18 basi, kwa kuwa hakuna kosa la hesabu linalosahihishwa kwa kujua mtoto wa mwanachama aliugua nini miaka 5 iliyopita.

Kanuni zote hizi zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja, na mbele ya kila namba imeandikwa sababu yake na jina la ofisi iliyoitoa. Kamati ya usimamizi huupitia ukurasa huo kila mwaka baada ya mkutano mkuu, na pia wakati wowote chama kinapoanzisha aina mpya ya mkopo. Mwaka huu kuna pendekezo la mkopo wa nyumba wa miaka 10. Likipita, nakala za miaka 7 hazitatosha tena, na nimekwisha kumwandikia mwenyekiti kwamba gharama ya diski iingizwe katika bajeti ya mkopo huo kabla mwanachama wa kwanza hajasaini.